Sauti ya Nesi Walburga

Kila Jumapili, misa ya kwanza ikishatoka, kibaraza cha Nesi Walburga pale Ruhuwiko kilijaa wazee. Walikuja wamejifunga masweta na mashuka, maana baridi ya asubuhi ya Songea haina masihara na mifupa ya mtu mzima. Walikaa kwenye benchi wakisubiri zamu, mkono mmoja umekunjwa tayari. Nesi Walburga alikuwa amestaafu kazi ya zahanati miaka tisa iliyopita, lakini mashine yake ya kupimia presha ilikuwa haijastaafu. Pembeni, juu ya kigoda, alikaa mjukuu wake Dorine, mwanafunzi wa darasa la sita, akiandika majina na vipimo kwenye daftari kubwa.

"Habari za asubuhi, Nesi," wazee walisema.

"Njema. Umemeza?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Watu wengine wakishasalimiana huulizana habari za watoto, za shamba na za mvua. Yeye aliuliza kama umemeza vidonge vyako vya presha. Aliuliza sokoni na aliuliza bombani. Siku moja alimwuliza Mzee Osmund kanisani, wakati wa kutakiana amani, akiwa bado amemshika mkono. Watoto wa mtaa walimwita Bibi Umemeza. Walidhani hajui, naye aliwaacha wadhani hivyo.

Mzee Osmund alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwalimu wa kwaya, na sauti yake ya besi ilijulikana kanisa zima. Presha yake ilikuwa mbaya kuliko za wote waliokaa kwenye benchi lile. Kwa miaka saba Nesi Walburga alikuwa ameishika isipande kwa kumwuliza swali lile lile kila asubuhi, juu ya ukuta. Mzee Osmund alijibu kwa kuimba: "Nimemezaaa!" Dorine alicheka kila mara, hata siku aliyoamka amenuna.

Sasa tuje kwenye mwezi wa sita, shule zilipofungwa.

Jane, aliyekaa dawati moja na Dorine, alimletea habari ya programu mpya ya simu iitwayo Sauti Hai. Ilikusanya sauti za watu ili kuzifundisha mashine kuongea Kiswahili. Unasoma sentensi zinazotokea kwenye kioo, simu inarekodi, na ukimaliza kundi moja unapewa bando la bure.

"Sauti za wazee wanazipenda zaidi," Jane alisema. "Bando linakuwa mara mbili. Na wewe una bibi ndani ya nyumba!"

Simu yenyewe ilikuwa ya Bibi. Mjomba Mathias, mtoto wa kwanza wa Bibi, aliituma kutoka Mbeya, na Bibi alijua kupokea na kukata tu. Mengine yote yalikuwa mikononi mwa Dorine. Jioni ile Bibi alikuwa uani, anachambua maharage kwenye ungo, Dorine alipomsogezea simu karibu na mdomo.

"Ni nini tena hiyo?"

"Kazi ya shule, Bibi. Tumeambiwa turekodi sauti za wazee."

"Na nani?"

"Mwalimu Chande."

Bibi aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Na zikishafika kwa huyo Mwalimu Chande, zinakwenda wapi?"

"Haziendi popote, Bibi. Zinabaki palepale shuleni."

Uongo ule ulimtoka kirahisi mno. Haukumkwama kooni hata kidogo, na kama ungemkwama, pengine tusingekuwa na hadithi hii. Bibi alikuwa mtu wa kuheshimu mambo ya shule. Alifuta miwani yake kwa pindo la kanga, akakaa vizuri, akaanza kusoma.

Walirekodi wiki nzima. Sentensi zilikuwa za ajabu ajabu. "Mtoto amepanda juu ya ukuta," Bibi alisoma, kisha akaiangalia simu kwa hasira. "Mtoto huyu hana mama? Mwambieni ashuke!" Dorine alicheka mpaka akakaa chini, ikabidi warudie. Siku ya mwisho simu iliomba mzungumzaji aseme, kwa maneno yake mwenyewe, yale anayopenda kuwaambia majirani. Bibi hakufikiri mara mbili. "Habari za asubuhi. Umemeza? Usiniambie utameza kesho. Presha haikusubiri wewe."

Ikatokea fomu. Jina kamili, umri, kazi, mtaa, hali ya ndoa, jina la mume au mke. Kila nafasi iliyojazwa iliongeza bando, kwa hiyo Dorine alijaza zote: Walburga, miaka sitini na tisa, muuguzi mstaafu, Ruhuwiko, mjane, mume aliitwa Rupert. Chini ya fomu kulikuwa na ukurasa mrefu wa Kiingereza wenye herufi ndogondogo. Dorine aliupitisha kwa kidole gumba bila kusoma hata mstari mmoja. Mwisho wake kulikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa Nakubali. Alikibonyeza, akiwa amekubali kwa niaba ya mwanamke aliyekuwa jikoni akichekecha unga.

Bando liliingia palepale. Yeye na Jane waliangalia vichekesho siku nne, likaisha.

Mwezi wa tisa, Mzee Osmund hakuonekana kibarazani Jumapili moja, kisha ya pili. Asubuhi, Bibi akiuliza juu ya ukuta, hakuna aliyeimba. Mkewe, Mama Otto, alijibu kwa mbali kwamba mzee anaendelea vizuri, ametangulia kwenye mazoezi ya kwaya. Dorine alipoandika jina la Mzee Osmund kwenye daftari aliacha nafasi ya kipimo wazi. Halafu akagundua nafasi wazi si hiyo peke yake. Pamoja naye, wazee sita walikuwa hawajaja.

Jumatano alitumwa nyanya kwenye genge la Dada Zulfa, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Tunduru.

"Dorine! Njoo umsikie bibi yako," Dada Zulfa alisema, akiinua simu yake. "Mashallah, kumbe ana siri nzito hivi na hasemi!"

Sauti ikatoka simuni. Ilikuwa ni Bibi hasa, na kile kikohozi chake kidogo kabla ya neno la kwanza.

"Habari za asubuhi. Umemeza? Mimi ni Nesi Walburga wa Ruhuwiko. Nimefanya kazi ya uuguzi maisha yangu yote, na leo nawaambia ukweli niliouficha. Vidonge vya presha vinaua figo. Acheni. Tumieni Maji ya Mizizi Saba, yanasafisha mishipa kwa wiki mbili. Hata marehemu mume wangu Rupert angeyapata, angekuwa hai leo. Wenzangu wa hospitali watakuja kuwakataza. Msiwasikilize."

Nyanya zilimponyoka Dorine. Maneno yale Bibi hakuyasema kamwe, na sauti ile ilikuwa yake, na jina lile alilijaza yeye Dorine kwa vidole vyake.

"Imezagaa kwenye makundi yote ya simu," Dada Zulfa aliendelea huku akiokota nyanya. "Kuna vijana wanaiuza hiyo dawa kwa pikipiki, chupa za kijani. Mzee Osmund amenunua tatu."

Dorine alifungua mdomo aseme, "Si yeye." Lakini akisema si yeye, ataulizwa umejuaje. Akiulizwa umejuaje, itambidi aseme yote. Akafunga mdomo, akachukua nyanya zake, akaondoka. Usiku hakula vizuri, na Bibi alipomgusa paji la uso kuona kama ana homa, alisema tumbo linamuuma.

Kesho yake, Alhamisi jioni, Mzee Osmund alianguka kwenye mazoezi ya kwaya. Walisema aliinua mkono kuwaanzishia wimbo, mdomo ukapinda upande, akaenda chini pamoja na kiti. Alifikishwa hospitali akiwa hai. Lakini upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa umekufa ganzi, na kauli ilikuwa imekatika kabisa. Daktari alisema ni kiharusi. Aliuliza mgonjwa ameacha vidonge tangu lini, na Mama Otto akashindwa kujibu kwa kilio.

Jumamosi mchana Mama Otto aliingia uani kwa Nesi Walburga bila kubisha hodi. Katika urafiki wao wa miaka arobaini hilo lilikuwa halijatokea.

"Mama Mathias, umeniulia mume!"

Bibi alikuwa anafua. Alisimama na povu mikononi. "Mama Otto, unasema nini?"

"Ulimfuata kila siku na vidonge vyako, umemeza, umemeza! Halafu wamekulipa, ukamwambia aache! Baba Otto hasemi tena. Ananiangalia tu kama mtoto mchanga."

"Mimi? Nimwambie Baba Otto aache dawa? Nani kakuambia?"

"Umeniambia wewe!" Mama Otto alitoa simu kwenye mkunjo wa kanga, akabonyeza.

Dorine alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona bibi yake akiisikiliza sauti yake mwenyewe. Uso wa Bibi ulibadilika polepole, kwanza mshangao, kisha hofu, hofu ya kweli kabisa. Alijishika koo kwa mkono wenye povu. Sauti ilipofika mwisho aliinyooshea simu kidole.

"Rudia," alisema. "Rudia pale mwishoni."

Mama Otto akarudia. "Hata marehemu mume wangu Rupert angeyapata..."

"Simamisha hapo." Bibi alivuta pumzi. "Mama Otto. Tumeolewa mwaka mmoja mimi na wewe, tumezikiana wazazi na watoto. Umewahi kunisikia nikilitaja jina hilo?"

Wote wawili walilelewa na mama wa Kingoni wa zamani, ambao kwao mke hamtaji mumewe kwa jina. Humwita baba wa mtoto wake wa kwanza, na kifo hakibadilishi kitu. Siku ya mazishi, Bibi aliomba mtu mwingine asome wasifu wa marehemu. Hata huko zahanati, fomu ikitaka jina la mume, alimpa kalamu nesi mwenzake amwandikie. Mwaka wa kumi na mmoja wa ujane huu, kwake marehemu alikuwa Baba Mathias tu.

"Hapana," Mama Otto alisema hatimaye, na sauti yake ilishuka. "Hujawahi. Hata siku ya msiba hukulitaja." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Baba Otto angelisikia jina hilo angejua. Lakini maneno ya simuni siku hizi hayashiki vizuri. Alisikia 'umemeza', akaridhika. Nawe ulipouliza ukutani, alidhani unaficha siri kwa kuwaogopa wenzako wa hospitali, ndiyo maana akakukwepa."

"Kwa hiyo kuna mtu ana sauti yangu na ana jina la mume wangu," Bibi alisema. Alikuwa anafikiri, na Dorine aliona mawazo yanapoelekea, akatamani ardhi ifunguke. "Sauti yangu alichukua mtu mmoja tu. Wiki nzima. Mwalimu Chande."

"Huyo wa kutoka Nakapanya?" Mama Otto alisimama ghafla. "Mgeni! Hana hata miaka miwili hapa. Nilisema mimi, watu wasiojulikana wanakotoka..."

"Twende kwake. Tukitoka pale, polisi. Dorine, leta viatu vyangu."

Dorine alileta viatu. Aliwafuata nyuma njia nzima, hatua kumi nyuma, akiwaza kwamba kabla hawajafika kona ya kanisa atasema. Walipita kona ya kanisa. Akawaza kwamba wakifika kwenye mashine ya kusaga atasema. Mashine ilikuwa inanguruma, akajipa sababu kwamba hawatamsikia.

Mwalimu Chande alikuwa nje ya chumba chake cha kupanga, ametandika mkeka, anasahihisha madaftari. Aliinuka haraka. "Shikamooni, mama zangu. Karibuni, karibuni. Kuna nini?"

Bibi hakuitikia salamu. Dorine hakuwahi kumwona bibi yake akikataa shikamoo ya mtu.

"Mwalimu, sauti yangu umemwuzia nani?"

"Sauti gani, mama?"

"Nilisoma masentensi yako wiki nzima, nikidhani nawasaidia watoto. Sasa mume wa huyu mwenzangu amelala hospitali hawezi kusema. Uliuza sauti yangu!"

Majirani walianza kutoka milangoni. Mtu alisema kwa sauti, "Kumbe ndiye!" Mwingine akasema aitwe balozi wa nyumba kumi, na kijana mmoja akamshika Mwalimu Chande mkono wa shati. Mwalimu aliangalia huku na huku. "Wallahi, mama, sijui unachosema. Mimi sikutoa kazi yoyote ya kurekodi."

Macho yake yakamfikia Dorine nyuma ya Bibi. Hayakuwa na lawama. Yalikuwa yanaomba msaada tu, kama mtoto mdogo anavyomwangalia mkubwa. Dorine hakuweza kuyastahimili.

"Ni mimi," alisema. Hawakumsikia. Akapiga kelele: "Ni mimi, Bibi! Mwalimu hajui kitu! Nilikudanganya!"

Kijana aliachia shati. Dorine alisema yote, huku analia, kamasi zinamtoka: Jane, bando, fomu, kitufe cha kijani, na ile Jumatano gengeni alipojua akanyamaza. Alipofika hapo Mama Otto alitoa mguno, akageuka akatazama ukuta. Jumatano Mzee Osmund alikuwa bado anatembea.

Bibi hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga. Alimwangalia tu, kisha akasema polepole, "Nilikuuliza, Dorine. Nilikuuliza zinakwenda wapi."

Halafu akamgeukia mwalimu. "Mwanangu, marahaba. Nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele ya watu."

"Imekwisha, mama," Mwalimu Chande alisema, akisogeza madaftari pembeni ya mkeka. "Kaeni. Hebu niisikie hiyo sauti."

Aliisikiliza mara mbili. "Hii haikurekodiwa," alisema. "Imetengenezwa. Ni kazi ya akili bandia, wengine wanaiita akili mnemba. Mashine inalishwa sauti ya mtu kwa saa kadhaa. Inajifunza anavyovuta neno, anavyokohoa, anapopumzika. Ikishajifunza, ukiiandikia maneno yoyote inayatamka kwa sauti yake."

"Kwa hiyo mashine ndiyo mwongo," Mama Otto alisema.

"Hapana, mama. Mashine haijui presha ni nini, haijui hata kwamba inaongea na watu. Kuna mtu aliyekaa akayaandika maneno haya ili auze chupa zake. Huyo ndiye mwongo. Na wala si wote wanaokusanya sauti ni wabaya. Mashine hizi hizi zinawasomea vitabu wasioona. Lakini anayefanya kwa uaminifu anamweleza mwenye sauti, kwa lugha anayoielewa, kisha anaomba ruhusa yake. Hawa walipewa ruhusa na mtoto wa miaka kumi na miwili, pamoja na jina, kazi, mtaa na ndoa. Vyote alivyojaza Dorine, wamevitumia."

"Tuwaambie wafute," Bibi alisema.

Walijaribu. Walitafuta kwenye programu ile namba ya kupiga, hawakuiona. Walitafuta jina la mtu au la mji, hakuna. Kitufe cha kufuta kilifuta programu kwenye simu ya Bibi tu. Sauti ilikuwa imeshakwenda siku nyingi. Kama Sauti Hai waliiuza, au waliibiwa, hata mwalimu hakuweza kusema. Siku ile ile waliandikisha maelezo polisi, na Mwalimu Chande aliwasaidia kuandika malalamiko kwa tume inayosimamia taarifa binafsi za watu. Vijana wa pikipiki walipotafutwa stendi, walikuwa wameshahama.

"Basi nesi atume ujumbe wa sauti kwenye makundi," jirani mmoja alishauri. "Akanushe."

Bibi alicheka kicheko kikavu. "Nikituma sauti, wataijuaje ipi yangu? Sauti wamechukua. Miguu wamenibakishia. Dorine, daftari liko wapi?"

Walianza Jumamosi ile ile alasiri, wakaendelea Jumapili baada ya misa. Walikwenda mlango kwa mlango, wakifuata majina yenye nafasi wazi. Bibi alibisha hodi, lakini hakuwa yeye aliyesema kwanza.

"Sema," alimwambia Dorine kila mlangoni.

Na Dorine alisema. "Shikamoo. Ile sauti ya simuni si ya Bibi. Mimi ndiye niliyewapa sauti yake, nilidanganya nipate bando. Tafadhali rudini kwenye vidonge vyenu." Mlango wa kwanza alisema kwa kunong'ona. Kwenye mlango wa tatu mama mmoja alimsonya. Kwenye wa nne mzee alimhurumia, na hiyo ilimwuma kuliko msonyo.

Mlango wa tano ulikuwa wa Mzee Abdulswamadu, dereva mstaafu. Chupa ya kijani ilikuwa mezani, nusu.

"Nesi," alisema, "sauti yako ilisema watakuja watu kunikataza. Sasa umekuja mwenyewe kunikataza. Nimwamini Walburga yupi?"

Bibi hakubishana. Alitoa mashine kwenye mfuko, akamfunga mkono, akabonyeza. Mashine ilivuta pumzi, ikaachia. Alimgeuzia kioo asome mwenyewe: mia moja tisini na nane kwa mia moja kumi na mbili.

"Usimwamini Walburga yeyote," Bibi alisema. "Amini mkono wako."

Mzee Abdulswamadu aliisoma namba ile. Kisha alimwita mkewe, akamwambia alete maji na ile pakiti ya vidonge iliyokuwa kabatini. Bibi alihesabu siku alizoruka, akamwandikia barua aende nayo hospitali kesho yake asubuhi. Mzee alimeza mbele yao, na Dorine akajaza nafasi wazi kwenye daftari.

Wazee wote watano waliobaki walirudi kwenye dawa. Sauti ile ilizungukazunguka miezi kadhaa, hata Mbinga ilisikika. Lakini Ruhuwiko, mtu akiicheza, mwenzake humwambia: huyo anayetaja jina la mumewe si Nesi wetu. Benchi la kibarazani lilijaa tena, isipokuwa pale mwisho karibu na nguzo, mahali pa Mzee Osmund. Hapo hakukaa mtu.

Mzee Osmund alirudishwa nyumbani mwezi wa kumi na moja. Alikaa kwenye kiti kivulini, mkono wa kulia juu ya mto. Kila siku Dorine akitoka shule alipitia kwake, akamnywesha uji kwa kijiko, akamnyoosha vidole kama Bibi alivyomfundisha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mama Otto alimwachia nafasi, lakini mwezi mzima hakumsemesha zaidi ya "haya" na "asante". Siku ya kwanza Dorine alipiga magoti akaomba msamaha. Mzee alimwangalia na hakujibu, na hakuna aliyejua kama hakutaka au hakuweza.

Jumapili moja ya kabla ya Noeli, Bibi na Dorine walikuwa kwake. Bibi aliuliza kama kawaida, "Umemeza?" Mzee aliinamisha kichwa, ndiyo. Kutoka kanisani kwaya ilikuwa inajifunza wimbo wa sikukuu, na upepo uliuleta mpaka uani. Wanawake waliimba, kisha wanaume wa sauti ya juu, kisha pakafika pale besi inapoingia.

Mzee Osmund alifungua mdomo. Ikatoka sauti moja nzito, isiyo na neno, iliyokwaruza na kupinda, lakini ilikuwa mahali pake hasa kwenye wimbo.

Mama Otto aliacha kufagia. Dorine, bila kufikiri, mkono wake ulikwenda kwenye simu ya Bibi iliyokuwa juu ya benchi. Kidole kilikuwa kimeshagusa kioo. Akakirudisha.

"Mzee," alisema, "naomba ruhusa nirekodi. Itabaki kwenye simu hii. Atakayesikiliza ni Mama Otto na mtoto wenu Otto, basi. Ukitaka ifutwe, nipe ishara tu mimi, nitaifuta mbele yako."

Mzee Osmund alimtazama. Kisha akatikisa kichwa: hapana.

"Haya, Mzee," Dorine alisema. Akaizima simu, akaiweka chini ya benchi.

Bibi alimshika bega. "Umeona? Umeuliza, amekataa, na hakuna kilichoharibika. Sauti ya mtu ni sehemu ya mwili wake, Dorine, na jina lake, na sura yake, na ugonjwa wake. Atakayekuja kukuomba hivyo, vyako au vya mwenzako, mwulize vinakwenda wapi, nani atavitumia, na siku ukivitaka virudi utamwambia nani. Akibabaika, mkatalie, hata akupe bando la mwaka mzima. Na kamwe usimkubalie mtu jambo asilolijua. Ukikosea, sema siku ile ile. Siku moja uliyonyamaza ndiyo iliyotufikisha hapa."

"Ndiyo, Bibi."

Mama Otto alivuta kigoda, akakisogeza karibu na kiti cha mumewe. "Njoo ukae hapa, mwanangu," alimwambia Dorine. "Ataimba tena."

Dorine alikaa. Kwaya ilirudia wimbo tangu mwanzo, na wote wanne wakasubiri zamu ya besi. Ilipofika, mzee aliingia, safari hii chini kidogo ya sauti inayotakiwa. Hakuna aliyeirekodi. Waliisikiliza mpaka ikaisha.